Yafaa Tujaribu Hata Tusichokiona



Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze jambo lililonisumbua tangu muhula uliopita. Wako wenzangu wasemao kwamba haiwezekani kupima programu ya kompyuta bila kuona ilivyoandikwa ndani. Mimi nasema yawezekana, tena yatupasa, ila yule aliyeificha naye ana deni kwetu.

Nianze na kisa. Muhula uliopita mama yangu, akaaye Laela, alinitumia shilingi 30,000 kwa simu ya mwalimu wa zamu, maana sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu. Simu ya mama ikajibu kwamba huduma haipatikani, ajaribu tena. Akajaribu tena. Jioni mwalimu akaniita, akanionyesha kwamba zimefika 60,000. Fedha za pili zilikuwa za mbegu ya mahindi, na mvua zilikwisha anza. Bahati njema mwalimu ni mwaminifu, akazirudisha kesho yake. Kama zingefika kwa mtu asiye mwaminifu, shamba letu lingekosa mbegu.

Simlaumu mtu. Nchini kwetu fedha zimetumwa kwa simu tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza, nazo zimewasaidia wazazi wengi. Lakini malipo ya simu hupita milango mingi. Mfumo mmoja humpelekea mwenziwe ombi na kungoja jibu, wala hauoni yaliyomo ndani ya huo mwingine. Jibu likipotea njiani, aliyeomba hajui kama kazi imefanyika au haikufanyika. Kukosa jibu si sawa na kuambiwa hapana.

Je, twaweza kupima mlango uliofungwa? Wazee wetu walijua. Zamani wahunzi wa Ufipa waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo ziitwazo malungu, kisha wakakisafisha katika tanuru ndogo, kintengwe. Kazi ile ilikuwa na dawa na miiko yake. Aliyetaka jembe hakuhitaji kuijua miiko hiyo. Alihitaji kulijaribu katika udongo mgumu, aone kama litalima ntumba au litapinda.

Katika chama chetu cha kompyuta tulifanya vivyo hivyo. Kundi moja liliandika benki ndogo ya kuigiza, likaificha, likatupa karatasi moja tu ya ahadi: ukiomba hili, utajibiwa hili. Sisi wa kundi la pili tukaanza kubisha hodi. Tulituma 3,000 kutoka akiba ya 10,000. Zikabaki 7,000, na mpokeaji akaongezewa 3,000. Tukajumlisha akiba zote kabla na baada, jumla haikubadilika. Wengi wakataka tuishie hapo.

Ndipo mmoja wetu akatuma hasi 500, yaani fedha chini ya sifuri. Benki ikakubali! Mtumaji akaongezewa 500 na mpokeaji akapungukiwa 500, na jumla ilikuwa ile ile. Hapo nikajifunza kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Mwisho tukachomoa waya baada ya ombi kufika na kabla ya jibu kurudi, kisha tukatuma tena. Benki ikakata mara mbili, sawasawa na kisa cha mama.

Dawa yake haikuwa ngumu. Kila ombi lipewe namba yake. Likirudiwa kwa namba ile ile, benki itambue kwamba ni lile la kwanza, ijibu kama ilivyojibu, isikate tena. Wenzetu walirekebisha, nasi tukapima upya bila kufunguliwa ndani.

Wengine watasema, basi programu zote zifunguliwe tuone. Sikubaliani nao. Mwaka 1972 mtaalamu David Parnas alionyesha faida ya kuficha: fundi aweza kubadili mambo ya ndani bila kuwavurugia wanaotumia, mradi ahadi ya nje haikubadilika. Ila nakiri kwamba kupima hufichua makosa yaliyopo, hakuthibitishi kwamba hayapo mengine. Jembe lililolima shamba moja laweza kupinda katika shamba la pili.

Kwa hiyo naona mwenye kuficha ana madeni matatu. Kwanza, aandike ahadi zake wazi, pamoja na atakavyojibu mambo yakiharibika, si yakienda vema tu. Pili, atoe uwanja wa kujaribia wenye fedha za kuigiza, ili makosa yaonekane kabla ya kumfikia mama wa Laela. Tatu, kila ombi liwe na namba, ili mtu akirudia asidhulumiwe. Asiyetaka kulipa madeni haya asituambie tumwamini.

Nanyi wenzangu mtakaosoma kompyuta baada yetu, msiridhike programu ikijibu vizuri mara moja. Iulizeni maswali mabaya: sifuri, hasi, kiasi kupita akiba, na ombi lile lile mara mbili. Kisha chomoeni waya.

Nasi tunaolala bwenini tuwaeleze wazazi wetu tukienda likizo: simu ikisema jaribu tena, tazama salio kwanza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne