"Jikaze" Si Dawa

Kuna neno moja Wakenya tunaligawa bure kuliko hata Panadol: jikaze. Umefiwa? Jikaze. Umefutwa kazi? Jikaze. Umetoka hospitalini na mguu mmoja? Jikaze, wewe ni mwanaume. Tunalisema kwa upendo, sikatai. Lakini leo nataka tuliangalie vizuri, kwa sababu naona tunalitumia kumwachia mgonjwa kazi ambayo si yake peke yake.

Na nitalipinga kwa kutumia nadharia ya manesi. Ngoja, usipite! Najua neno "nadharia" linaleta usingizi. Marafiki zangu waliosomea uuguzi hapa Eldoret wanalijua jina la Callista Roy. Walilikariri usiku wa kuamkia mtihani, wakaandika, wakapita, maisha yakaendelea. Mimi si nesi, lakini siku waliponieleza huyo mama alikuwa anasema nini, nilijiuliza mbona hatufundishwi sisi wote.

Roy ni mtawa wa Kikatoliki aliyezaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1939. Alipokuwa nesi wa watoto, alishangazwa na jinsi watoto walivyoweza kuinuka tena hata baada ya mwili kupata pigo kubwa. Miaka ya 1960, akisomea shahada ya uzamili pale UCLA, mwalimu wake Dorothy Johnson alimsukuma aeleze kwa maneno yake mwenyewe uuguzi ni kazi gani hasa. Jibu lake lilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1970, na hadi leo linafundishwa.

Jibu lenyewe kwa kifupi ni hili. Mgonjwa si gari lililoharibika likapelekwa gereji. Ni mtu ambaye kila saa anajibu yale yanayomgusa, na hayo yako ya aina tatu. La kwanza ni lile lililo mbele yake sasa hivi, mfano kidonda. La pili ni yale yanayolizunguka: nyumba, pesa, baridi, watu anaoishi nao. La tatu ni yale aliyotoka nayo mbali, kama imani, malezi na woga wa zamani, ambayo hata yeye mwenyewe pengine hayaoni. Halafu Roy anasema tumwangalie mgonjwa katika sehemu nne: mwili wake, anavyojiona, nafasi yake kwa watu, na wale anaowategemea na wanaomtegemea.

Hapo ndipo penye uzito. Kwa Roy, kazi ya nesi si kumwambia mgonjwa azoee. Ni kutafuta ni kitu gani kinamlemea, kisha kukibadilisha, kukipunguza au kukiondoa, ili nguvu alizo nazo zitoshe.

Nikupe mfano wa nyumbani. Binamu yangu alikuwa mtu wa boda, steji yake upande wa Langas. Akagongwa na lori, mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Hospitali aliyolazwa, jina naliacha, ilimtibu kidonda vizuri na kikafunga. Akaruhusiwa kwenda nyumbani na magongo mawili, karatasi ya kliniki na lile neno letu.

Hakuna aliyemuuliza anarudi kuishi wapi.

Alikuwa anarudi kwa ploti yenye choo cha shimo, kile cha kuchuchumaa, kinachotumiwa na nyumba tisa. Hebu jaribu kuchuchumaa kwa mguu mmoja, sakafu imelowa, na mtu anagonga mlango nje. Ongeza mvua ya Eldoret ya Julai, njia yote matope, gongo linazama kila hatua. Unajua alichofanya? Akaanza kupunguza chakula na maji ili asiende chooni mara nyingi. Akakonda. Majirani wakasema amekata tamaa. Shangazi akaleta watu wa kanisa wamwombee. Kila aliyeingia alimwambia, "Kijana, jikaze."

Sasa angalia. Kumbe alikuwa amejikaza kweli! Kunyima tumbo lako chakula kwa sababu ya choo, hiyo si kujikaza? Huyu alikuwa amezoea mazingira yake kabisa, na kuzoea huko kulikuwa kunammaliza.

Aliyegundua ni nesi wa kliniki aliyokuwa anaenda baadaye. Alipoona uzito umeshuka, hakumpa hotuba. Aliuliza swali moja tu: "Kaka, kwenu choo kikoje?" Jamaa akainama, akanyamaza, halafu akaeleza. Wiki hiyohiyo fundi wa mbao akatengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo na mpini wa kushikilia ukutani. Vijana wa steji wakamwaga kokoto kutoka mlangoni hadi chooni. Haikupita muda, akarudi kula kama zamani.

Lakini hiyo ni sehemu moja tu kati ya zile nne. Bado kulikuwa na maswali ambayo kiti cha mbao hakijibu. Mimi ni nani bila pikipiki? Watoto wananionaje? Mke wangu ananivumilia au bado ananipenda? Kilichosaidia hapo ni wale vijana wa steji kumfanya mweka hazina wa chama chao. Hawakumfanyia huruma, jamaa ana mkono mgumu wa pesa, hata senti haipotei. Akawa tena mtu ambaye watu wanamngoja asubuhi. Hakuna dawa ya kuuzwa inayofanya hivyo.

Ukidhani haya ni mambo ya familia ndogo tu, kumbuka historia ya mji wetu. Mwaka 2001 AMPATH ilianza hapa, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, wakati ukimwi unamaliza watu. Dawa zikaanza kupatikana. Lakini mgonjwa anameza dawa kali na nyumbani sufuria iko tupu. Wangeweza kumwambia avumilie. Badala yake wakalima! Walianzisha mashamba, la Mosoriot kule Nandi likiwa la mwanzo, na mgonjwa akawa anaandikiwa chakula kama anavyoandikiwa dawa: mboga, mayai, nafaka, kulingana na watu wa nyumba yake. Baadaye kukawa na Imani Workshops hapahapa Eldoret, ambapo wagonjwa walitengeneza vitu vya mikono na kupata riziki.

Sisemi waliamka wakafungua kitabu cha Roy. Nasema waliona kitu kilekile: kirusi kilikuwa mbele, lakini njaa na ukosefu wa kazi vilikuwa vimekizunguka pande zote. Chakula kilihudumia mwili. Kazi ilimrudishia mtu heshima na nafasi yake. Na wazee wetu walishasema zamani: mgonjwa haulizwi uji. Unapika, unamletea. Hawakusema mgonjwa aambiwe azoee njaa.

Najua utaniambia nini. "Wewe unaandika tu, umewahi kuingia wodini? Nesi mmoja, vitanda vimejaa, saa ngapi atauliza habari za choo?" Hoja hiyo ni ya kweli, siibezi. Mwaka 2017 manesi wa Kenya waligoma karibu miezi mitano, na manung'uniko ya mishahara na mazingira ya kazi hayajaisha hadi leo. Lakini umeona tulichofanya? Hata nesi tunamwambia jikaze. Tunampa mzigo wa watu wanne, halafu tunashangaa akijibu kwa ukali. Nadharia hii inamhusu na yeye. Ukitaka nesi auguze mtu mzima mzima, si kidonda peke yake, badilisha yanayomzunguka: ongeza wenzake, lipa kwa wakati, weka glavu kwenye kabati. Kaunti na serikali kuu zisijifiche nyuma ya "wito".

Wengine wanasema shida ni nadharia yenyewe, kwamba inamfundisha mgonjwa kukubali kila kitu. Sikubaliani. Roy hamwoni mtu kama udongo unaofinyangwa na mazingira. Anasema mtu naye anayabadilisha mazingira. Anayeitumia kumnyamazisha mgonjwa ameishika kinyume. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika kila mahali na kutumia usafiri wa umma kwa njia inayofaa. Kwa hivyo matatu isiyompandisha mtu wa magongo, au ofisi ya ghorofani isiyo na njia nyingine ila ngazi, si jambo la yeye kuzoea. Ni deni letu kwake. Na Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Jiji si taa za barabarani pekee, ni pamoja na mtu wa kiti cha magurudumu kufika sokoni bila kubebwa kama gunia.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani, mtu mmoja amuulize maswali manne: Unalala na kujisaidia wapi? Siku hizi unajionaje? Kazi yako ilikuwa ipi na nani anaifanya sasa? Nani atakuwa nawe usiku? Dakika tano zinatosha kuanza. Kama nesi amezidiwa, wewe ndugu uliyekuja kumchukua uliza. Hayahitaji digrii.

Na wewe unayesoma, najua kuna mtu kwenu ametoka wodini mwezi huu. Mgonjwa wa sukari aliyeambiwa "badilisha lishe" na kwake kuna ugali na sukuma pekee. Mama aliyejifungua kwa upasuaji na anateka maji mtoni. Shosho mwenye presha anayelea wajukuu watano. Ukienda kumwona wikendi hii, lile neno liache mlangoni. Ingia, salimia, keti, angalia nyumba ilivyo. Halafu chukua kile kilicho mzigo kwake na unachokiweza wewe, hata kama ni mtungi wa maji, ukibebe.

Atajikaza mwenyewe. Watu wetu hawajawahi kushindwa na hilo.