Tusipohifadhi Maandishi Yetu Tutayafuata Ng'ambo

Mkazi wa Kibomet, karibu na mji wa Kitale, hahitaji kufunzwa maana ya ghala. Mahindi yakishavunwa huanikwa, hupukuchuliwa, hutiwa dawa ya kuzuia fukusi, hufungwa katika magunia na kuhesabiwa. Kila mkulima anajua kwamba mavuno yasiyohifadhiwa si mavuno. Hata hivyo, mkulima huyo huyo, na wakati mwingine hata mwalimu anayewafunza watoto wake, huweza kuwashia moto kitabu cha zamani cha Lubukusu au cha Kisabaot asihisi kwamba amechoma chochote. Ghala la mahindi tunalo. Ghala la maandishi ya lugha zetu liko wapi?

Swali hili lilinijia kwa uchungu kutokana na kisa cha mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili, mzaliwa wa Bungoma. Alitaka kuchunguza jinsi tahajia ya Lubukusu ilivyobadilika tangu enzi za wamishenari hadi leo. Ni mada nzuri, tena yenye manufaa kwa walimu wa madarasa ya chini. Alihitaji vitabu vya kusomea vya shule za msingi, vitabu vya nyimbo za makanisa na vijarida vya zamani. Katika maktaba ya chuo kimoja cha umma aliambiwa kwamba vitabu hivyo "vya kienyeji" viliondolewa rafuni ili vipishe vitabu vipya. Baada ya kuhangaika kwa miezi, aliviona baadhi yake katika orodha ya maktaba moja ya ng'ambo. Hakuwa na nauli ya kuvifuata. Alibadilisha mada, akaandika juu ya Kiingereza cha matangazo ya biashara.

Msomaji atauliza: vitabu vya Bungoma vilifikaje huko? Havikupelekwa na upepo. Vilipelekwa na mtu mwenye kazi ambayo wengi wetu hatuijui, nayo ni ya mkutubi wa taaluma za eneo.

Tumezoea kumwona mkutubi kama mlinzi wa mlango anayegonga mhuri na kutoza faini. Katika vyuo vikuu vikubwa vya utafiti, hasa Marekani, yuko mkutubi wa namna nyingine. Mkutubi wa taaluma za Asia, kwa mfano, aghalabu ni mtaalamu anayesoma Kichina, Kihindi, Kitamil au Kiindonesia. Yeye ndiye huamua kitabu gani kinunuliwe, gazeti gani lihifadhiwe, na kijitabu gani cha kampeni ambacho leo ni takataka kitakuwa hazina baada ya miaka 50. Husafiri hadi masoko ya vitabu, huelewana na wauzaji na wachapishaji wadogo, kisha hukiandikia kila kitabu maelezo yatakayomwezesha mgeni kukipata. Profesa huandika kitabu akasifiwa. Mkutubi huyu hutajwa katika ukurasa wa shukrani, pengine kwa mstari mmoja. Lakini bila yeye profesa huyo hangekuwa na la kuandika.

Chuo Kikuu cha Cornell ni mfano mzuri. Huko kuna mkusanyiko wa maandishi ya Asia ya Kusini-Mashariki ambao ni miongoni mwa mikubwa zaidi duniani. Umepewa jina la John Echols, mwanaisimu aliyeshirikiana na Hassan Shadily kutunga kamusi ya Kiindonesia na Kiingereza iliyotoka mwaka 1961. Mwanaisimu huyo alifahamu kwamba kamusi haitungwi hewani, bali hutungwa juu ya rundo la maandishi ambayo mtu ameyakusanya kwa subira.

Na fedha zilitoka wapi? Hapa pana jambo litakalomgusa mtu wa Kitale kuliko mwingine yeyote. Zilitoka katika nafaka. Mwaka 1954 Marekani ilipitisha sheria iliyojulikana kama PL 480, iliyoiruhusu kuuza ziada ya mazao yake, ikiwemo ngano, kwa nchi kama India na kulipwa kwa fedha za nchi hizo. Rupia zikarundikana. Mwaka 1958 sheria hiyo ilirekebishwa ili sehemu ya fedha hizo inunue vitabu, na mwaka 1962 Maktaba ya Bunge la Marekani ikafungua ofisi New Delhi na Cairo. Vitabu vilivyochapishwa India vikaanza kumiminika katika vyuo vikuu vya Marekani. Ngano ililiwa ikaisha. Vitabu vingali rafuni.

Mwaka 1966, chini ya mpango mwingine, maktaba hiyo hiyo ilifungua ofisi Nairobi. Tangu hapo ofisi hiyo imekusanya vitabu, magazeti, majarida na machapisho ya serikali kutoka Kenya na nchi nyingi za Afrika. Si magazeti ya Kiingereza pekee. Ya Kiswahili na ya lugha nyingine za Kiafrika pia yalikusanywa, kila toleo kwa zamu yake. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960, nyaraka nyingi za Hifadhi ya Nyaraka za Taifa letu zilinakiliwa katika filamu ndogo kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Syracuse. Ndiyo maana yamkini mtafiti akaandika historia ya wilaya zetu bila kukanyaga tope la Kibomet.

Sisemi haya kwa kuwalaumu Wamarekani. Aliyeokota tulichotupa hakutuibia, na wengi waliokusanya maandishi haya walifanya hivyo kwa heshima kubwa. Ninalosema ni kwamba waliona thamani pale ambapo sisi tuliona karatasi za kufungia karanga.

Ujuzi wa lugha ndio uti wa mgongo wa kazi hii. Chukua suala la majina tu. Mchina hutanguliza jina la ukoo. Waindonesia wengi, kama alivyokuwa Rais Sukarno, wana jina moja tu. Ngugi wa Thiong'o hupangwa chini ya Ngugi, si chini ya Thiong'o. Asiyejua maana ya "wa" atampoteza. Mkutubi asiyejua kwamba Wafula na Nafula ni jina moja la msimu wa mvua, la mwanamume na la mwanamke, ataelewaje maandishi ya Wabukusu? Na kitabu kilichoandikwa kwa Lubukusu kikiorodheshwa kama cha "Kiluhya" tu, huku cha Kisabaot kikiwekwa katika fungu la "lugha nyinginezo", mtafutaji atapita karibu nacho asikione. Kitabu kilichopewa jina lisilo lake ni sawa na kitabu kilichopotea.

Katika mfumo wa kupanga vitabu wa Maktaba ya Bunge la Marekani, lugha za Asia ya Mashariki, za Afrika na za visiwa vya Pasifiki zimewekwa katika fungu moja lenye herufi PL. Kwa hiyo Kijapani, Kikorea, Kichina, Kiswahili na Lubukusu ni majirani kwenye rafu. Herufi ni zile zile. Kilichotofautiana ni juhudi za wenye lugha. Wajapani na Wachina hawakungoja mgeni aje kuwahifadhia vyote. Wana maktaba zao za taifa, na mtafiti wa kigeni hana budi kuwaendea.

Je, sisi hatukuwahi kujaribu? Tulijaribu, na matunda yake yapo. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikusanywa miswada ya kale ya Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti, na katalogi yake iliyoandaliwa na J.W.T. Allen ikachapishwa mwaka 1970. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, yanatupa funzo kubwa zaidi. Mmishenari W.E. Taylor aliyakusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na karatasi zake zikaishia London. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz, mwanaisimu Mkenya, alitoa kitabu juu ya Muyaka ambacho wanafunzi wetu wangali wanakitegemea. Tazama basi: kumbukumbu ilikuwa ya mwenyeji wa Mombasa, ilhali karatasi zilitunzwa ng'ambo.

Joseph Murumbi, Makamu wa Rais mwaka 1966, mwana wa baba Mgoa na mama Mmaasai, aliyesomea India, alikusanya maelfu ya vitabu adimu kuhusu Afrika, na mkusanyiko wake sasa umo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Hata hapa Kitale hatukosi mfano. Mlowezi Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake ya binafsi mwaka 1926, akakusanya wadudu, wanyama na vitabu hadi alipofariki mwaka 1966. Kwa wasia wake yakapatikana Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974. Kipepeo wa Trans Nzoia alipata mtu wa kumbandikia jina na tarehe. Ni nani aliyembandikia jina na tarehe mwalimu wa kijijini aliyetunga kitabu cha hadithi kwa lugha ya mama yake?

Wapo watakaosema kwamba zama hizi za kompyuta hazihitaji ghala. Piga picha, weka katika intaneti, basi. Hoja hii ina kasoro. Kompyuta hutafuta kile ambacho binadamu amekiandika. Lazima awepo mtu wa kuchagua cha kupigwa picha, wa kukisoma, na wa kukieleza kwa usahihi. Picha elfu kumi zisizo na maelezo ni gunia lililopasuka njiani.

Wengine watasema kwamba maandishi yako salama zaidi ng'ambo. Huenda ni kweli kuhusu unyevu na mchwa. Lakini mwenye ghala ndiye mwenye ufunguo. Mwaka 2011, katika kesi ya wapiganaji wa Mau Mau mjini London, ilibainika kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imeficha mahali paitwapo Hanslope Park mafaili yaliyoondolewa Kenya kabla ya uhuru. Mafaili ya serikali si vitabu vya maktaba iliyo wazi kwa wote, nakiri. Hata hivyo, funzo ni lile lile: anayekutunzia kumbukumbu ndiye huamua lini utakumbuka.

Kuna pia kilio cha fedha. Siombi jumba jipya. Naomba cheo kimoja. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko Bungoma, Masinde Muliro kiko Kakamega, na Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha kitivo cha sayansi ya habari mwaka 1988. Kila kimoja na kiajiri mkutubi mmoja mwenye shahada ya isimu, anayejua vyema angalau lugha moja ya eneo hili: Lubukusu, Kisabaot, Kipokot au Kiturkana. Kazi yake iwe kuzunguka makanisani, shuleni na katika viwanda vidogo vya uchapishaji. Kukusanya vitabu vya nyimbo, ratiba za mazishi zenye wasifu wa marehemu, vikaratasi vya kampeni na madaftari ya wazee. Na kuviorodhesha kwa jina la lugha yake halisi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitaka dola ikuze na kulinda lugha mbalimbali za Wakenya. Utalindaje usichokuwa nacho?

Idara zetu za isimu nazo zijisahihishe. Tumewafunza wanafunzi kuchanganua sentensi za Lubukusu, na tasnifu za udaktari juu ya lugha hiyo zimekubaliwa hata Marekani, katika vyuo vikuu vya Ohio State na Cornell. Ila hatujawafunza kwamba kumtunzia mwingine matini ni kazi ya kitaaluma sawa na kuyachanganua. Mwanafunzi bora akisema anataka kuwa mkutubi, tunamwonea huruma. Ingefaa tumpe heko.

Walimu wenzangu mlioko Kibomet, Kimilili, Kapenguria na kwingineko, msingoje waraka kutoka Nairobi. Muhula huu waambieni wanafunzi walete shuleni kitabu kimoja cha zamani kilichoandikwa kwa lugha ya nyumbani, au nakala yake. Andikeni ni cha nani, kilitoka kijiji gani, kilichapishwa mwaka gani. Kiwekeni katika kabati lenye kufuli. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mwanafunzi wangu aliyebadilisha mada hakukosa akili wala bidii. Alikosa kabati kama hilo.