Ekari Nusu Milioni za Lamu

Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za ekari 500,000 katika kaunti ya Lamu, karibu thuluthi ya kaunti nzima. Kampuni 22 zilikuwa zimegawiwa ardhi hiyo mwaka 2011 na 2012, wakati uleule mradi wa bandari ya LAPSSET ulipokuwa ukizinduliwa. Wapo wanaoshikilia kwamba serikali ilijichukulia mali ya watu.

Hati ni hati, wanasema. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinalinda mali kweli, lakini ibara yake ya 6 inamwondolea ulinzi huo aliyeipata mali kinyume cha sheria. Wakisome mpaka mwisho.

Ardhi ilikuwa pori tupu, wanasema. Hili ndilo linaloudhi. Mkulima wa Kibajuni hulima konde la simsim na mahindi, kisha hulilaza miaka kadhaa huku akilima jingine. Waboni huingia msituni kutafuta asali, na Waorma huswaga ng'ombe kwenda malishoni. Anayetazama ramani Nairobi ataona kichaka. Ukiuliza kijijini utaambiwa konde ni la nani. Hati hawana, ndiyo, kwa sababu sheria ya kikoloni ya 1908 iliwataka watu wa pwani waende wakadai ardhi yao wenyewe, na isiyodaiwa ikahesabiwa ya Taji la Uingereza. Uhuru ulipokuja, serikali ikairithi. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 navyo vikawafukuza Wabajuni wengi kutoka vijiji vya bara hadi visiwani. Aliyekimbia risasi hakuuza shamba.

Wawekezaji watakimbia? Anayekimbia kwa sababu mgao wa mlango wa nyuma umefutwa, safari njema.

Upande wa pili nao wana dai lao: ardhi ikirudi serikalini, imerudi kwa wananchi. Hapo siwafuati. Bahari ya Lamu haikuwa ya kampuni yoyote, na serikali hiyohiyo ndiyo iliyochimba sakafu yake na kufyeka mikoko kujenga bandari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwenye mashua ndogo hawezi kuvuka mwamba kutafuta samaki bahari kuu, na hakuna aliyemuuliza kabla mitambo haijafika.

Tena tamko la Rais peke yake si hukumu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi kwa jina lake, na ekari hizo zianzie hapo, kabla kampuni ya 23 haijabisha hodi wizara ya ardhi, Ardhi House.