Sanrufu Yako Haivuji, Imeziba

Wasee, leo tuongee kuhusu silikoni, kwa sababu nimechoka kuona watu wakiliwa pesa.

Anko wangu hapa Kitale ana gari ya mtumba yenye sanrufu, na mimi ndiye huiendesha kwa harusi. Tangu niache chuo, hiyo gari na hizi video ndizo hunilipia nyumba. Mwezi wa nne mvua ikanyesha usiku kucha, asubuhi taa ya dari inadondosha maji. Fundi mmoja akaangalia dakika moja tu: "Raba imekwisha kijana, tupige silikoni." Elfu tatu. Kioo kikagandishwa, sanrufu haifunguki tena.

Wiki mbili baadaye nikapeleka bibi harusi Bungoma. Tukinyeshewa pale Webuye, maji machafu yakamdondokea begani. Alishuka kanisani gauni jeupe likiwa na doa la kahawia. Nilirudisha pesa yote, na bado huwa namkumbuka akijifunika na shela.

Jioni hiyo, hukohuko Bungoma, mzee mmoja fundi ndiye alinifungua macho. Alikwangua silikoni yote, akafungua kioo, akamimina kikombe cha maji kwa kona ya mbele. "Haya, inama uniambie yanatokea wapi." Hayakutokea popote.

Sikiza, hii ndiyo siri. Ile raba ya sanrufu haikuundwa kuzuia kila tone. Watengenezaji wanajua maji kidogo yatapita, ndiyo maana chini ya kioo kuna gata inayozunguka tundu lote. Kwa kona za hiyo gata kuna matundu, mara nyingi manne, na kila tundu lina paipu nyembamba inayoshuka ndani ya nguzo za gari. Za mbele kwa kawaida humwaga karibu na bawaba za milango, za nyuma humwaga kule nyuma chini. Paipu ikiziba, gata inajaa, maji yanakumwagikia.

Na zinaziba na nini? Vumbi na majani. Sheria ya Kenya inaruhusu mtumba wa hadi miaka 8, kwa hivyo gari inaweza kufika ikiwa tayari na uchafu wa miaka. Ongeza vumbi letu la Januari na Februari, halafu mvua ndefu ianze. Hapo unapaka silikoni ya nini? Mwili wa gari unatikisika kwa mashimo, silikoni inapasuka, maji yanaingia na bado hayana njia ya kutoka.

Mzee alipitisha uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kukata nyasi, polepole. Tope likatoka kama uji. Alinikataza kupuliza na kompresa: presha kubwa inaweza kung'oa paipu kwa kiungo chake, na hapo maji yatamwagika ndani ya nguzo bila wewe kujua. Akapangusa reli, akapaka grisi kidogo. Oili ya injini hapana, inashika vumbi. Alinidai mia tano.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: fundi akikuambia silikoni kabla hajamwaga kikombe cha maji, chukua funguo zako uende. Na kama unanunua gari, inua kapeti uguse, unuse. Gari nyingi zina waya na vidude vya kompyuta chini ya viti, na vikilowa utalia.

Sisi vijana tunaijua sanrufu ya kusimama tukipigwa video. Hata mimi nimefanya huo ujinga, na dereva akifunga breki ghafla hakuna mkanda wa kukushika. Lakini wangapi wetu tumewahi kufungua kioo tukaangalia gata?

Kesho asubuhi, kikombe kimoja, kona moja moja. Kisha inama.