Mguu Usiouma Ndio wa Kuogopwa

Wakulima wengi wa viazi wa tarafa ya Kanzenze, wilayani Rubavu, huipima afya yao kwa maumivu. Jino likiuma, mtu huenda kituo cha afya. Kiuno kikiuma, hupumzika. Kiungo kisichouma huhesabiwa kuwa kizima. Kwa mwenye kisukari desturi hiyo ni ya hatari kubwa, na hatuna budi kuiacha.

Yafaa ieleweke kwamba sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huidhuru mishipa ya fahamu, pamoja na vijishipa vidogo vya damu vinavyoilisha. Mishipa mirefu, ile iendayo miguuni, ndiyo hutangulia kuumia. Mgonjwa husikia nyayo zikiwaka moto usiku, au vidole vikichomwa kana kwamba kwa sindano. Baadaye huja ganzi, nayo hupanda polepole kutoka vidoleni kuelekea magotini. Hapo wengine hufurahi wakidhani wamepona, kumbe mlinzi wa lango amelala.

Basi mkulima hukanyaga jiwe kali la volkano asilisikie. Jioni, kwa sababu ya baridi ya milima yetu, huiweka miguu karibu na makaa au katika maji ya moto, akaungua bila kujua. Kidonda huingia uchafu, huoza, kikawa donda ndugu, na mwisho wake huweza kuwa msumeno wa daktari. Mkulima aliyekatwa mguu hupungukiwa nguvu za kulihudumia shamba lake, na watoto wake ndio watakaolipa gharama hiyo.

Wako wasemao kwamba hayo ni uzee, au kwamba ni kazi ya mchawi. Hayo si kweli. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 1,441 wanaotegemea insulini, ukatangazwa mwaka 1993, ulithibitisha kwamba kuidhibiti sukari barabara hupunguza madhara ya mishipa ya fahamu kwa kadiri ya asilimia 60. Zipo dawa za kutuliza maumivu, kama amitriptilini na gabapentini, lakini dawa hizo haziifufui mishipa iliyokufa. Kwa hiyo kinga ndiyo ngao yetu.

Jeshini, baada ya mwendo mrefu, miguu ya askari hukaguliwa, kwa kuwa lengelenge dogo lililopuuzwa huweza kumtoa mtu katika safu. Nidhamu hiyo haihitaji magwanda. Mwenye kisukari na aitazame miguu yake kila jioni, juu na chini na katikati ya vidole. Asiyeona vizuri na atazamwe na mkewe au mwanawe. Asitembee pekupeku. Akung'ute viatu kabla ya kuvivaa. Maji ayapime kwa kiwiko, wala asikate sugu kwa wembe. Akiona kidonda, hata kama hakiumi, aende kwa mganga siku hiyo hiyo.

Lakini lawama zote asitwikwe mgonjwa. Mara nyingi hupimwa uzito na damu, akapewa vidonge, akarudi nyumbani viatu vikiwa miguuni. Kwa maoni yetu, kila mwenye kisukari avuliwe viatu na kukaguliwa walau mara moja kwa mwaka, na mwenye ganzi mara nyingi zaidi. Kipimo chake ni uzi wa plastiki unaojipinda kwa uzito wa gramu 10, wala hauhitaji umeme. Majirani zetu wa Tanzania wameonyesha njia: Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake, kwa mradi wa Hatua kwa Hatua ulioanza miaka ya mwanzo ya 2000, waliwafunza waganga na wauguzi kuutunza mguu wa mwenye kisukari kabla haujaharibika.

Sisi nasi tunayo nafasi. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi hukutana katika umuganda, na baada ya kazi huketi kuzungumza. Dakika kumi za mazungumzo hayo zatosha washauri wa afya kuwaonyesha wananchi jinsi mguu unavyokaguliwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Na maradhi haya hujificha yenyewe, hata kwa mwenye mguu. Wananchi wa Kanzenze, tuyatafute kabla hayajatutafuta.