Akili Ipo, Ila Si Yako

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia Lodwar, nimeisikia Kakuma, na nimeisema mwenyewe mara nyingi kuliko nilivyompigia mamangu simu: "Hii si kamari, boss. Hii ni akili." Makala haya ni ya kuipinga sentensi hiyo. Siipingi kama mchungaji, wala kama mzee wa nyumba kumi. Naipinga kama mtu aliyeiishi misimu miwili, akakesha usiku na kulala mchana, na mwishowe akala mbuzi wawili wa mamake bila kuonja nyama.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, uko hivi. Usiku ambao NBA inacheza, unapewa bajeti ya kubuni, dola 50,000. Unanunua wachezaji wanane. Kila mmoja ana bei yake: nyota mkubwa anaweza kukumezea moja ya tano ya bajeti, na yule wa mwisho kwenye benchi ni dola 3,000 tu. Wakishaingia uwanjani unahesabu. Pointi moja ni moja, ribaundi ni 1.25, asisti ni 1.5, kuiba mpira au kuzuia shuti ni 2, kupoteza mpira unakatwa nusu. Huchagui timu itakayoshinda. Timu inaweza kupigwa kwa pointi thelathini na wewe ukaruka juu ya kitanda, kwa sababu mtu wako ameokota ribaundi ya mwisho isiyomsaidia mtu yeyote duniani ila wewe.

Hizo ni bei na hesabu za DraftKings ya Marekani. Sisi hatukuwa na akaunti huko. Tulikopa bei, tukakopa hesabu, tukafungua kundi la WhatsApp. Watu kumi: wengine Lodwar, wengine Kakuma, mmoja Kitale. Kila mtu mia mbili kwa M-Pesa. Msimamizi anakata kumi kwa mia "ya bando na usumbufu", anayeongoza anabeba iliyobaki. Mechi za kwanza huanza saa tisa usiku kwa saa zetu wakati wa baridi kule kwao, na za pwani ya magharibi huanza saa kumi na mbili asubuhi, mama mboga akipanga nyanya. Unaweza kumbadilisha mchezaji mpaka mechi yake ianze. Kwa hivyo ukitaka kushinda, usilale.

Na tulijiona wa maana sana. Walio kwenye Aviator tuliwaita wajinga. Mtu anatazama ndege ndogo ikipaa kwenye simu, ikitoweka na pesa yake, hiyo ni nini? Sisi tulikuwa na majedwali. Tulijua nani anacheza usiku wa pili mfululizo na atapumzishwa. Tulijua timu gani haiwezi kuzuia watu warefu. Jamaa mmoja pale Lodwar alikuwa na daftari la kurasa mia mbili, limeandikwa kwa kalamu ya rangi tatu. Ukiliona utadhani anasomea udaktari.

Hapo ndipo mtego wangu ulipokuwa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, deni likakua, siku moja jina langu halikuwa kwenye orodha ya mtihani, nikapanda basi nikarudi Turkana. Ukirudi nyumbani Kaaleng bila cheti, hakuna anayekutukana. Wanakuuliza tu kwa upole, "Umefunga chuo?" miezi mitatu baada ya vyuo kufungwa na kufunguliwa. Kwa mtu kama huyo, kikosi cha kila usiku ni mtihani usio na karo. Unaingia, unafanya, asubuhi matokeo yametoka. Siku nikiwa wa kwanza kati ya kumi nilitembea Lodwar mzima kama mtu aliyepata A. Sikuwa nafuata ile elfu moja mia nane. Nilitaka mtu aniambie kwamba kichwa changu bado kinafanya kazi.

Sasa nikupe usiku mmoja wa hiyo akili. Ilikuwa Januari 2024. Portland Trail Blazers walikuwa wanacheza na Brooklyn Nets, na mimi nilimweka Deandre Ayton. Hesabu zote zilikubali. Saa tisa nikafunga kikosi, nikajinyoosha kidogo, usingizi ukanibeba. Niliamka jua likichoma mabati. Ayton: sifuri. Nilidhani ameumia. Hapana. Portland ilikuwa imefunikwa na barafu, na Ayton alishindwa kutoka nyumbani kwake kufika uwanjani. Fikiria. Niko Lodwar, shati limeloa jasho kabla ya chai, na pesa yangu imeliwa na barafu iliyo kwenye barabara ya mtu mwingine Marekani. Wenzangu walicheka hadi leo. Daftari la rangi tatu halikuwa na ukurasa wa barafu.

Utasema hiyo ni bahati mbaya ya siku moja. Sawa, tuache barafu, tufanye hesabu. Watu kumi wenye akili sawa wakicheza usiku mia moja, kila mmoja ametoa shilingi 20,000. Kwa wastani kila mmoja atarudishiwa 18,000. Hizo elfu mbili zimekwenda kwa msimamizi, ambaye hakuchagua hata mchezaji mmoja. Ili wewe utoke na faida, sharti uwazidi wenzako kiasi cha kulipa lile fungu lake kwanza. Na wenzako ni nani? Ni mabeste zako. Ushindi wako mkubwa kabisa ni kodi ya nyumba ya mtu unayekula naye.

Na kule ulikotoka mchezo? Mwaka 2006 Marekani ilipitisha sheria ya kubana kamari ya mtandaoni, ikaacha mlango wazi kwa michezo ya fantasi kwa hoja ileile yetu: matokeo yake yanategemea ujuzi. Kampuni zikapita kwenye mlango huo. Mwaka 2015 McKinsey walichambua mashindano ya kila siku ya besiboli, wakakuta asilimia 91 ya faida ya wachezaji ilikwenda kwa asilimia 1.3 ya wachezaji. Mwaka huohuo mfanyakazi wa DraftKings alishinda dola 350,000 kwenye mashindano ya washindani wao FanDuel. Kampuni yake ilisema hakutumia siri zozote za ofisini. Lakini baada ya kelele zile, kampuni hizo ziliwazuia wafanyakazi wao kucheza kwa pesa. Ukifungiwa meza nzima namna hiyo, ujue watu wameona wanaokaa jikoni wanakula tofauti na walio mezani.

Kwa hivyo nakubaliana nanyi, wasee: akili ipo. Iko kwa hao asilimia 1.3, wenye programu za kompyuta zinazotema mamia ya vikosi kwa dakika chache na kubadilisha wachezaji wewe ukiwa umelala. Iko kwa aliyepanga bei. Iko kwa anayekata kumi kwa mia. Kwako wewe iko kidogo, ya kutosha kukurudisha kesho tu. Mtu wa Aviator akiliwa anajua ameliwa. Sisi tukiliwa tunasema, "Nimejifunza kitu," tunaongeza safu kwenye jedwali, tunatuma mia mbili nyingine.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Siri ya kikosi kizuri ni mchezaji wa bei ya chini atakayecheza dakika nyingi. Na mchezaji wa bei ya chini hupata dakika nyingi nyota akiumia. Basi kazi yako kila usiku ni kutafuta majeruhi. Hutafuti mpira, unatafuta goti la mtu. Msimu ule Ayton alipokaa nje, aliyechukua nafasi yake alikuwa Duop Reath. Niliandika kwenye kundi, nakumbuka vizuri, "Ayton nje! Asante Mungu!" Nilijua Reath atacheza dakika ngapi. Nilijua bei yake jana na leo. Jamaa mmoja wa Kakuma, mwenyeji wa Jonglei, akaandika chini yangu: "Unamjua huyo ni nani?"

Sikumjua. Reath alizaliwa Waat, Sudan Kusini. Alikimbia vita akiwa mtoto, akaishi Kenya hii yetu kama mkimbizi kabla ya familia yake kuhamia Australia. Alikuwa kwenye kikosi cha Australia kilichopata shaba Olimpiki ya Tokyo. Mimi, mtu wa Turkana, niliyepanda magari na watoto wa kambi tangu nikiwa mdogo, nilikuwa nimemtumia kwa wiki kadhaa kama sarafu, na sikuwahi kujiuliza ametoka wapi. Nilidhani naujua mpira wa kikapu. Nilikuwa najua bei.

Na lugha hii ikishaingia haitoki. Agosti 2025 chakula cha msaada Kakuma kilipoanza kugawanywa kwa makundi manne, kundi la nne likiachwa bila kitu kwa kuhesabiwa kuwa linajiweza, jamaa huyohuyo alinitumia ujumbe: "Nimewekwa la nne. Nimekuwa nyota wa bei kubwa." Nilicheka, halafu nikanyamaza. Yeye hakuwa anacheza. Kuna mtu mahali fulani alikuwa na bajeti ndogo na majina mengi, na jina lake lilikuwa limepewa bei kwa hesabu ambayo hakuonyeshwa. Ndivyo nilivyofanya mimi kila usiku, kwa kujifurahisha.

Wale mbuzi sasa. Machi 2024 mamangu aliuza wawili, shilingi 9,000 wote, nilipie kozi ya kompyuta. Ukame uliokwisha mwaka 2023 ulikuwa umetuachia wachache, na hao wawili aliwachagua yeye mwenyewe, akijua mama zao na nyanya zao. Kundi letu lilikuwa limeanzisha shindano la wikendi la elfu moja. Nilisema nitaikuza pesa kwanza. Nilikuwa na jedwali. Ilichukua wikendi tano. Alipopiga simu kuuliza, "Baba, masomo yameanza?" nilisema yameanza. Huo uongo ndio gharama niliyolipa. Pesa ilikwisha, lakini uongo niliulisha miezi minne, kila simu nikimwongezea somo jipya.

Mshindani wangu mmoja, nikimweleza haya, alinijibu vizuri sana. Alisema hata mamako anacheza kamari: anafuga Turkana, mvua haina ratiba, mbuzi wakifa wamekufa. Nimelifikiria jibu hilo sana. Tofauti ni hii. Ukame haukati kumi kwa mia kabla haujaanza. Mbuzi akizaa, hakuna jirani aliyepoteza mbuzi ili huyo azaliwe. Na mamangu akipoteza, hasemi angeshinda kama angekesha. Anajua ukame ni ukame.

Wengine watasema nawanyima vijana wa huku raha yao ndogo, kwani Turkana kuna nini kingine? Hiyo ndiyo dharau yenyewe. Julai 20, 2024, Jumamosi, Sudan Kusini ilicheza na Marekani pale London kabla ya Olimpiki. Wapangaji wa kamari waliipa Marekani ushindi wa zaidi ya pointi arobaini. Nilikuwa Kakuma, saa nne usiku, tumebanana watu wengi mbele ya skrini moja. Sudan Kusini waliongoza hadi mapumziko. Waliongoza tena sekunde zikiwa zimebaki chache, hadi LeBron James alipofunga. Ikaisha 101 kwa 100. Hakuna aliyekwenda kulala. Watu waliimba kama walioshinda. Nilikuja kugundua njiani, nikirudi, kwamba sikuwa nimehesabu ribaundi hata moja. Kwa mara ya kwanza tangu 2022 nilikuwa nimetazama mchezo na nikaona mpira ukienda wapi. Kesho yake nilimpigia mamangu, nikamwambia ukweli. Alinyamaza, halafu akauliza kama nimekula.

Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku thelathini. Vizuri, lakini kundi letu halikuwa na tangazo hata moja. Lilikuwa na marafiki, daftari, na ile sentensi. Sentensi haizuiliwi na serikali. Inazuiliwa na mimi na wewe kuacha kuisema. Ukitaka kupanga kikosi, panga. Ni mchezo mtamu, na sitadanganya kwamba siukosi. Lakini ondoa M-Pesa, uone ni wangapi watakaoamka saa tisa kwa ajili ya akili peke yake.

Msimu ulipoanza tena, msimamizi aliniongeza kwenye kundi bila kuniuliza. Nikatoka. Akaniongeza tena, akaandika, "Professa amerudi." Professa! Angejua jinsi jina hilo lilivyonigharimu. Nikatoka tena, nikamwandikia pembeni kwamba Jumamosi jioni kuna vijana wanacheza Kakuma, uwanja wa saruji uliopasuka, hakuna kiingilio na hakuna bei. Ameisoma. Hajajibu.