Askari na Nyumba Yake Mjini Kampala

Askari akiwa kazini hulala kambini, na kwa kuwa hulala kambini huwa rahisi kwake kusahau kwamba mji uliomzunguka unauzwa kiwanja baada ya kiwanja. Nyumba ya Serikali, hata ikiwa ni yunipoti ya mabati ichemkayo mchana na kupoa mno usiku, haimdai kodi mwisho wa mwezi. Siku anapovua sare ndipo anapouliza bei ya ardhi kwa mara ya kwanza, na bei atajiwayo humwacha mdomo wazi. Jambo hili tumeliona mara nyingi mno miongoni mwa wanajeshi na polisi waliostaafu, nasi twaona umefika wakati wa kulisema bila kificho.

Kampala ya leo imekwisha kuvuka mipaka yake. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu watu milioni 1.5 hivi katika mji wenyewe, lakini Wilaya ya Wakiso iuzungukayo ilikuwa na watu karibu milioni 2, na sensa ya mwaka 2024 iliikuta Wakiso imepita milioni 3. Maana yake ni kwamba watu wengi hufanya kazi Kampala na kulala Wakiso. Huko Kira, Nansana, Kyengera na Gayaza, palipokuwa na migomba na mibuni, leo pana kuta za matofali na mabango ya wauza viwanja vya futi 50 kwa 100, kipimo ambacho kila dalali anakijua hata asiyejua kusoma ramani. Ekari moja hutoa viwanja vinane vya namna hiyo, au saba ikiwa mwenye ardhi ana haya ya kutosha kuacha njia ya kupita gari.

Kilichoyageuza mashamba hayo kuwa viwanja ni barabara. Barabara ya Kaskazini iuzungukayo mji, yenye kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, ilifunguliwa mwaka 2009. Barabara kuu mpya ya Entebbe ilifunguliwa mwaka 2018, kwa mkopo wa dola milioni 350 kutoka China, na tangu Januari 2022 aipitaye kwa gari hulipa ushuru. Hatuzipingi barabara hizo. Mji usio na barabara husongwa hata ukakosa pumzi. Lakini twapenda kukumbusha jinsi mambo yaendavyo. Kabla trekta halijafika, dalali amekwisha kufika. Mpima ardhi akipigilia vigingi asubuhi, bei ya kiwanja cha jirani hupanda kabla ya jua kutua. Ongezeko hilo halikuletwa na jasho la mwenye shamba, wala na ulimi wa dalali. Limeletwa na barabara, na barabara hulipwa kwa kodi na madeni ya wananchi wote, akiwemo konstebo. Hivyo konstebo huyo huchangia kupandisha bei ya kiwanja, kisha akashindwa kukinunua.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kwenda mbali zaidi, kwani ardhi ya mbali ni rahisi. Wasemao hivyo hawajapata kuingia zamu ya alfajiri. Mtu anunuaye kiwanja mbele ya Matugga huhesabu bei ya tofali, saruji na mabati, akasahau kuhesabu nauli ya teksi ya watu 14 na ya bodaboda impelekayo hadi njia kuu, kwenda na kurudi, siku baada ya siku kwa miaka 20. Pesa alizookoa kwenye ardhi huishia mkononi mwa utingo. Tena ziko saa ambazo teksi hazipo, na amri ya kuripoti kazini haingojei teksi.

Ndiyo sababu twaiona reli kuwa na maana kubwa kuliko ipewavyo. Mnamo Desemba 2015 treni ya abiria ilianza kwenda baina ya Kampala na Namanve. Ikasimamishwa mwaka 2023 ili njia itengenezwe, ikarudi mwaka 2024. Treni moja huchukua watu ambao wangejaza teksi nyingi, wala haikwami kwenye msongamano wa Barabara ya Jinja. Mahali pa kuwajengea nyumba askari na watumishi wengine wa umma ni kandokando ya njia hiyo, pale ambapo mtu aweza kwenda kituoni kwa miguu, wala si juu ya kilima chochote kilichopatikana kwa bei nafuu. Treni isiyo na nyumba karibu yake hukosa abiria, na makazi yaliyo mbali na treni humfukarisha mkaaji kwa nauli.

Tutajibiwa kwamba Serikali haina ardhi hapo, na kwamba kununua ni ghali. Ni kweli. Katiba ya mwaka 1995 yataka mwenye ardhi alipwe fidia ya haki kabla ardhi yake haijachukuliwa, na Mahakama ya Juu ilithibitisha hivyo mwaka 2015. Sisi twaliheshimu sharti hilo, kwa maana humlinda hata askari mwenye kibanja chake. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hapana budi ardhi ya nyumba itafutwe na kulipiwa kabla njia haijatangazwa, bei ikiwa bado ni ya shamba. Kungoja hadi kituo kijengwe ndipo tuulize bei ni kujitakia hasara.

Tena haifai tuyasahau ya Nakawa na Naguru. Nyumba zile zilijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa mji. Mwezi Julai 2011 zilibomolewa, na familia zaidi ya 1,700 zikaondoka kwa ahadi ya mji mpya ambamo wao wangekuwa wa kwanza kupewa nafasi ya kununua. Miaka mingi ikapita sehemu kubwa ya ardhi ile ikiwa nyasi tupu. Polisi ndio waliosimama hapo siku ya kubomoa, kwa kuwa ndiyo kazi yao. Hatuwalaumu. Ila twajiuliza ni wangapi kati yao waliorudi jioni ile kambini wakijua kwa hakika ni wapi watoto wao watalala baada ya pensheni.

Kuhusu mikopo ya benki hatuna mengi. Mkopo wa nyumba mara nyingi hutozwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, au zaidi. Mtu akikopa shilingi milioni 100, riba peke yake mwaka wa kwanza yapita shilingi milioni 1.3 kila mwezi, na mshahara wa konstebo haufiki hapo. Vyama vya akiba na mikopo, kama Wazalendo cha wanajeshi kilichoanzishwa mwaka 2005, ndiyo njia iliyo karibu, nacho humfaa zaidi aanzaye kuweka akiba akiwa bado kuruta.

Lililo zito ni hati. Ardhi nyingi pembezoni mwa Kampala ni ya mailo, iliyogawanywa kufuatia Mapatano ya mwaka 1900, na juu yake wamo wenye vibanja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, na marekebisho yake ya mwaka 2010, humlinda mwenye kibanja asifukuzwe ila kwa amri ya mahakama na kwa kosa la kutolipa kodi ya ardhi. Lakini akitaka kuuza, lazima kwanza ampe mwenye mailo nafasi ya kununua, la sivyo mauzo hayo ni batili. Askari wengi hununua kibanja kwa karatasi iliyopigwa muhuri wa mwenyekiti wa LC, wakadhani wamemaliza. Muhuri huo hushuhudia tu kwamba watu wawili walikutana mbele ya mwenyekiti. Aliye na kiwanja machoni na aende ofisi ya ardhi, aulize jina lililo katika daftari, amtafute mwenye mailo, na kama muuzaji anaishi hapo na mkewe, aone kwanza idhini ya mke kwa maandishi. Siku moja ya likizo yatosha kuianza kazi hiyo, na yafaa ianzwe kabla pesa hazijatoka mfukoni.